Maswali ya Wasomaji: Simu Inakula Saa Ngapi za Siku Yako?

Barua nyingi za mwezi huu zina kilio kimoja: mtu anashika simu aangalie saa tu, akija kushtuka mchana umekwisha. Tumechagua saba. Zilizouliza "saa ngapi kwa siku ndizo sahihi" tumeziweka kando, kwa sababu hakuna idadi inayomfaa muuza vitenge ikamfaa pia mwanafunzi wa kidato cha pili.

Simu imeandika kwamba natumia saa 6 na dakika 12 kwa siku. Sikubali. Mimi ni mama wa nyumbani, kazi zangu hazinipi nafasi hiyo. Je, simu inaweza kudanganya? (Msomaji, Tanga)

Mama, simu haidanganyi, ila inahesabu kitu ambacho wewe huenda hukihesabu. Sehemu ya Digital Wellbeing kwenye Android na ile ya Screen Time kwenye iPhone, zote mbili za mwaka 2018, hupima muda ambao skrini inawaka na programu iko mbele. Ukiegesha simu kwenye kabati la vyombo video ikiendelea huku unakaanga maandazi, dakika zote 40 zinaingia kwenye hesabu hata kama umeitupia macho mara tatu. Ukisikiliza mawaidha au taarabu skrini ikiwa imezimwa, haziingii. Mtoto akiichukua aangalie katuni, muda unaandikwa kwako. Kwenye iPhone kuna mtego wa ziada: kama simu yako ya zamani uliyompa mwanao bado ina akaunti yako ya Apple, na umeruhusu hesabu ya vifaa vyote ijumlishwe, saa zake zinapandishwa juu ya zako.

Hata hivyo usikimbilie kuilaumu hesabu. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2021 katika jarida la Nature Human Behaviour ulionyesha kwamba makadirio ya watu hayaendani vizuri na kumbukumbu za vifaa vyao. Wapo wanaopunguza, wapo wanaozidisha.

Pima upya kwa siku 7, Jumatatu hadi Jumapili, katika juma la kawaida. Juma la harusi au la msiba halifai, maana simu haikai chini. Kila usiku kabla ya kulala andika kwenye daftari vitu vitatu: jumla ya saa, programu tatu za juu na dakika zake, na idadi ya mara ulizofungua simu. Watu wengi huiruka hiyo ya tatu, na sisi tunaiona ndiyo yenye habari zaidi. Saa 3 zinaweza kuwa filamu mbili ulizozichagua ukakaa ukaangalia. Zinaweza pia kuwa mara 90 za dakika 2, na hapo hakuna kazi ya nyumbani iliyokwenda nusu saa bila kukatizwa. Saa ni zile zile, lakini siku hizo mbili hazifanani hata kidogo.

Simu nyingine za bei nafuu zenye Android nyepesi hazina sehemu hiyo. Fungua mipangilio ya betri, utaona kila programu imetumika kwa muda gani. TikTok, Instagram na Facebook zina pia kipimo cha muda ndani yake, lakini WhatsApp haina, na kwa wengi wetu ndiyo inayobeba mzigo mkubwa.

Nimeweka kikomo cha saa 1 kwenye TikTok. Kikifika naongeza. Nalala saa 8 usiku na kazini naingia saa 2 asubuhi. Nakosea wapi? (Msomaji, Nakuru)

Umekosea sehemu mbili, na huenda ipo ya tatu.

Ya kwanza haisemwi sana. Kikomo cha programu huanza upya saa 6 kamili usiku, kwenye Android na kwenye iPhone pia. Anayeperuzi mchana hapati shida. Wewe wa usiku unaanza saa 5, unamaliza saa yako, na papo hapo simu inakufungulia saa nyingine mpya kabisa. Kikomo kinakupa mara mbili pale pale ulipotaka kikubane. Tena mitandao mingi ya simu huuza bando la usiku kwa bei ya chini, na mara nyingi linaanza muda huo huo. Mtu anakesha asipoteze MB alizolipia. Kama umekuwa ukilinunua, acha kulinunua kwa wiki mbili kabla hujagusa mpangilio wowote. Tunaamini hilo peke yake litafanya zaidi ya kikomo chako.

Ya pili: aliyeweka kufuli ndiye mwenye ufunguo. Kwenye iPhone, kikomo kisicho na namba ya siri hukuletea kitufe cha kukipuuza kwa siku nzima. Weka namba ya siri ya Screen Time, aichague mtu mwingine, dada au mwenzako wa chumbani, kisha washa chaguo la kufunga programu kikomo kinapofika. Kwenye Android kikomo unaweza kukiondoa kwa kugusa mara chache, kwa hiyo usikitegemee. Badala yake tumia Focus Mode iliyo humo humo kwenye Digital Wellbeing: chagua TikTok, Instagram na zile nyingine zinazokukesheza, uwekee ratiba ya kuanza saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri. Hiyo haijali umetumia dakika ngapi, inaangalia saa ya ukutani tu.

Ya tatu ni ya saa yenyewe. Simu haijui saa za Kiswahili. Saa 4 usiku kwake ni 22:00 au 10 PM, na saa 11 alfajiri ni 05:00. Mtu anaandika 4:00 halafu anashangaa mbona simu inajifunga akiwa kazini jioni.

Ukitaka kujua kwa nini kidole hakisimami, ni kwa sababu ukurasa hauna mwisho. Zamani ulifika chini ukabonyeza "ukurasa unaofuata", na pale ndipo ulipopata nafasi ya kujiuliza kama unaendelea. Ukurasa usioisha ulibuniwa mwaka 2006 na Aza Raskin, mbunifu wa programu, ambaye baadaye alijutia hadharani. Juu ya hilo, huwezi kubashiri kinachokuja. Video tisa ni za ovyo, ya kumi inakuvunja mbavu. Zote zingekuwa nzuri ungeshiba, zote zingekuwa mbovu ungeondoka. Mchanganyiko huo ndio unaokuweka.

Kuhusu kipimo: katika jaribio la Chuo Kikuu cha Pennsylvania lililochapishwa mwaka 2018, wanafunzi 143 waligawanywa, kundi moja likatakiwa lisizidishe dakika 10 kwa siku kwa kila mmoja wa mitandao mitatu, Facebook, Instagram na Snapchat. Baada ya wiki tatu kundi hilo liliripoti upweke na huzuni kidogo kuliko lile lililoendelea kama kawaida. Dakika 30 kwa jumla, basi, si ndoto. Lakini usiruke kutoka saa 4 hadi nusu saa kwa usiku mmoja. Punguza robo kila wiki: saa 3, halafu saa 2 na robo, na kuendelea.

Simu ilale sebuleni kwenye chaji. Utasema unaihitaji ikuamshe. Saa ya mezani ya betri inauzwa hadi kwenye vibanda vya barabarani.

Nauza madera na vitenge kupitia Instagram na WhatsApp. Nikiweka simu chini napoteza mteja. Nikiishika, najikuta saa 2 nimeangalia maisha ya watu. Nifanyeje? (Muuzaji, Kariakoo)

Dada, tatizo lako ni kwamba duka na kijiwe vina mlango mmoja. Tenganisha milango.

Hamishia namba ya biashara kwenye WhatsApp Business, ambayo ni bure. Humo weka mambo manne. Kwanza, katalogi: picha, bei na saizi, nafasi ipo ya hadi bidhaa 500, ingawa muuzaji wa madera akiweka 40 zilizo stoo kweli zinatosha. Bidhaa iliyokwisha ifiche siku hiyo hiyo, la sivyo katalogi inakuzalishia maswali badala ya kuyapunguza. Pili, majibu ya haraka, hadi 50. Yaandike yale unayorudia kila siku: bei ya jumla, namba ya malipo, gharama ya kutuma mkoani kwa basi, duka lilipo. Tatu, lebo: "anasubiri mzigo", "amelipa nusu", "mpya". Nne, ujumbe wa kutokuwepo, uupangie saa. Hapa watu hukwama: ujumbe huo hautoki kama simu haina intaneti. Ukizima data usiku ili upumzike, mteja hapati jibu lolote. Acha data ikiwaka, zima arifa.

Kisha panga madirisha ya kujibu, kwa mfano saa 3 asubuhi, saa 7 mchana na saa 11 jioni, dakika 30 kila moja, na uyaandike wazi kwenye wasifu wa duka. Mteja wa kitenge anaweza kusubiri saa 2 akijua atajibiwa. Kinachomkimbiza ni kimya kisicho na mwisho. Kwa aliyelipa na anasubiri mzigo, mpe namba ya kupiga.

Instagram ndiyo inayokumeza, maana ukifungua kuposti unapokewa na video za watu. Tengeneza posti za wiki nzima siku moja, Jumapili mchana tuseme, uzipange zitoke zenyewe kwa Meta Business Suite, chombo cha wenye Instagram cha kusimamia kurasa za biashara. Ipo pia kama programu ya simu, na unaweza kuposti na kujibu jumbe za duka humo bila kuona ukurasa wa video kabisa. Akaunti yako binafsi iondoe kwenye simu ya biashara.

Na tahadhari ndogo kuhusu orodha ya kutuma kwa wengi (broadcast) ya WhatsApp: ina mwisho wa watu 256, na anayepokea ni yule tu aliyehifadhi namba yako. Wanaotuma wakaona kimya huongeza muda wa kuposti stetasi wakidhani wateja wamechoka, kumbe ujumbe haukufika.

Niko kwenye makundi 47 ya WhatsApp: ukoo, wa upande wa mume, kikoba, jumuiya, wazazi wa shule, kamati za harusi nne ambazo harusi zenyewe zilishapita. Nikitoka nitaonekana najitenga. (Msomaji, Dodoma)

Hili ni swali la adabu kabla ya kuwa la simu. Anza na kamati za harusi zilizopita, ambazo hazina ubishi. Andika "Tunamshukuru Mungu shughuli ilikwenda salama, nawaaga kwa heri," kisha toka. Wengine watakufuata, maana kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake.

Makundi mengine unaweza kutoka kimya. Tangu mwaka 2022 WhatsApp huwajulisha wasimamizi pekee mtu anapotoka. Usidhani hakuna atakayejua, kwa sababu orodha ya waliotoka huonekana na wanakundi kwa siku 60. Kundi la wakwe, basi, usitoke. Linyamazishe.

Kunyamazisha kuna chaguo la saa 8, la wiki 1 na la daima. Chagua daima, halafu lihifadhi kwenye kumbukumbu za pembeni (Archive). Tangu mwaka 2021 kundi lililohifadhiwa hukaa huko huko hata ujumbe mpya ukiingia, ila hakikisha chaguo hilo limewashwa kwenye mipangilio ya gumzo. Mtu akikutaja kwa jina au akijibu ujumbe wako, arifa itakufikia bado. Tumia hiyo kama kengele: waambie watu wawili wa kila kundi, kwa kawaida katibu na mweka hazina, wakutaje kwa jina panapokuwa na jambo linalokuhusu.

Linalobaki ni hofu ya kukosa habari ya msiba, na tunadhani hiyo ndiyo inayowafanya watu wasome jumbe 300 za "Amina" na picha za maua ya asubuhi. Habari ya msiba haifai kutegemea kundi hata hivyo. Inaweza kukaa chini ya jumbe 80 kabla mtu hajaiona. Kubalianeni kwenye ukoo kwamba msiba na ugonjwa mkubwa vinapigiwa simu. Chagueni watu wanne, kila mmoja awe na nyumba zake za kupigia. Baada ya hapo kundi linaweza kusomwa mara moja kwa siku, jioni, bila wasiwasi.

Kama wewe ni msimamizi, una nguvu zaidi. Kundi la wazazi wa shule lifanye la matangazo: kwenye mipangilio ya kundi, ruhusu wasimamizi pekee kutuma. Mwalimu akituma ratiba ya mtihani haifunikwi na "asante mwalimu" 60. Kikoba kifanyie hivyo siku za kawaida, mkifungue siku ya kikao.

Mwisho, zima chaguo la picha na video kujipakua zenyewe katika sehemu ya hifadhi na data, kwa data ya simu na kwa Wi-Fi. Si bando tu unaloliokoa. Video iliyokwisha kupakuliwa inakiita kidole. Ile yenye ukungu inayodai MB 18 utaifikiria mara mbili.

Mwanangu ana miaka 14. Nilisikia TikTok inawafungia watoto baada ya saa 1, lakini yeye hafungiwi. Simu ni yangu, anaitumia jioni. (Baba wa watatu, Mwanza)

Baba, uliyosikia ni kweli. Mwaka 2023 TikTok iliweka kikomo cha dakika 60 kwa wenye umri chini ya miaka 18, ingawa kijana akiandika namba ya siri anaendelea. Instagram nayo ilianza Septemba 2024 kuwaweka vijana kwenye akaunti zenye kikumbusho cha dakika 60 na utulivu wa arifa kuanzia saa 4 usiku hadi saa 1 asubuhi. Yote hayo yanasimama juu ya tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa wakati wa kufungua akaunti. Kama aliandika mwaka 1999, au kama anatumia akaunti yako, kwa programu hizo yeye ni mtu mzima na hakuna kinachowaka.

Angalia kwanza akaunti ni ya nani. Kama ni yako, mfungulie yake kwa tarehe ya kweli (umri wa chini wa TikTok ni miaka 13), maana la sivyo vitu anavyoangalia yeye vinageuka kuwa vitu unavyoletewa wewe, na vyako vinamfikia yeye. Hilo la mwisho ndilo baya zaidi. Kisha kwenye mipangilio ya TikTok kuna sehemu ya kuunganisha familia (Family Pairing): simu mbili zinasomeana msimbo wa picha (QR), na kuanzia hapo namba ya siri ya kikomo unaishika wewe. Tatizo ni kwamba inataka simu mbili. Kwa simu moja ya pamoja, tumia kubandika programu (App pinning), iliyo kwenye mipangilio ya usalama ya Android: unafungua anachokihitaji, tuseme kitabu cha masomo, unaibandika, na hawezi kutoka humo bila namba yako. Washa kwanza chaguo la kudai namba wakati wa kubandua, maana bila hilo anabandua mwenyewe.

Siku akipata simu yake, weka Family Link ya Google, programu ya mzazi kusimamia simu ya mtoto, kabla hujamkabidhi. Kuiweka baada ya miezi mitatu ya uhuru ni vita.

Kufuta Facebook kwa mwezi mmoja kunasaidia? (Msomaji, Kampala)

Kwa wengi, kiasi. Wachumi wa Marekani waliwalipa watu wafunge Facebook kwa wiki 4 kabla ya uchaguzi wa Novemba 2018. Waliofunga walipata wastani wa saa 1 ya ziada kwa siku, furaha ikapanda kidogo, ufahamu wa habari ukashuka, na hata walipolipwa na kumaliza, waliitumia kwa uchache kuliko mwanzo. Wewe funga kwa muda, usifute: ukiomba kufuta, una siku 30 tu za kubadili mawazo. Kumbuka pia kuondoa programu kwenye simu, maana kuingia mara moja kwa mazoea kunaifungua akaunti tena.

Niko Minnesota. Nyumbani kukipambazuka, huku ni usiku, naingia kulala, na makundi yanaanza. Nikizima simu naogopa mama akiugua. (Msomaji, Minneapolis)

Usiizime. Tumia hali ya usinisumbue, uipangie saa zako za kulala, na umweke mama pamoja na ndugu mmoja anayeishi naye kwenye orodha ya wanaoruhusiwa. Washa pia ruhusa ya anayerudia kupiga. Kwenye Android simu ya pili ndani ya dakika 15 inaita, kwenye iPhone ni ndani ya dakika 3, kwa hiyo waambie wa nyumbani wapige mara mbili mfululizo bila kungoja. Wapige simu ya kawaida, si ya WhatsApp, ambayo hupaswi kuitegemea kupenya hapo. Waachie vocha ya kutosha dakika chache za kimataifa, na namba yako iandikwe kwa kalamu ukutani karibu na kitanda cha mama, ikianza na +1. Tofauti ya saa nayo iandikwe hapo hapo: saa 9 majira ya baridi, saa 8 majira ya joto.